Muulize Mjomba: Kijana wangu hali chakula tangu Jumamosi

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Mombasa, sasa niko Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa pili. Kifunguamimba wangu ana miaka 19 na ndio kwanza ameanza chuo kikuu cha Ohio State. Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024 alikwenda uwanjani na wenzake kutazama timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani. Alirudi jioni, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi, akapita sebuleni bila hata salamu. Nilikuwa nimepika pilau, hakuonja punje. Nikamwambia, "Mwanangu, si mpira tu wa wanafunzi?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu. Tangu hapo anaingia na kutoka kimya kimya, na amenipiga marufuku kulitaja jina la waliowafunga, ndani ya nyumba ninayoilipia kodi mimi. Nasikia pia wachezaji walipigana hadi polisi wakawapulizia pilipili. Mjomba, huu ni mchezo gani? Na huyu mtoto nimfanyeje?
Mama Watatu, Columbus

Marahaba, dada yangu. Umemuuliza mgonjwa dawa ya homa inayomuuma mwenyewe. Jumamosi ile nilizima simu saa tisa na nusu alasiri, nikaiwasha kesho yake baada ya adhuhuri. Mke wangu ni mtu wa Pangani, hana kawaida ya kunyamaza, lakini siku hiyo alinitilia chai na kuondoka. Kwa hiyo nitakayokwambia yapime, maana hakimu naye ni mfiwa.

Nianze na jina lililopigwa marufuku. Ni Michigan, timu ya chuo kikuu cha jimbo jirani. Hapa wengi hawalitaji, husema "ile timu ya kaskazini", na mwanao hakulianzisha yeye. Mimi nilishuka mji huu majira ya baridi ya mwaka 2000. Kabla sijajua hata kupanda basi, Januari ikaingia na mji mzima unazungumza habari moja: kocha John Cooper kafukuzwa. Miaka 13 aliifundisha Ohio State, mechi alizoshinda ni chungu nzima, ila na Michigan alishinda 2, akatoka sare 1, akafungwa 10. Mimi mgeni, nikamuuliza mzee mmoja kazini, "Kwani aliiba?" Akanijibu, "Bora angeiba."

Hapo nikaelewa, kwa sababu mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia karibu na uwanja wa Mkwakwani, nyumba yetu Coastal Union, nyumba ya pili African Sports, na wiki ya mechi hata chumvi hatuazimani. Coastal walipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, baba alichinja mbuzi aliyekuwa wa shughuli nyingine kabisa. Wewe wa Kenya unawajua mahasimu wa Nairobi, Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards), basi ni hayo hayo, ila hawa wamekutana mara ya kwanza mwaka 1897, na uwanja wao unabeba watu zaidi ya laki moja.

Kuhusu "mpira tu wa wanafunzi", naomba ulifute neno hilo. Ni wanafunzi kweli, wanasajiliwa na wanaingia darasani, lakini siku hizi sheria inawaruhusu kulipwa kwa majina na sura zao, na mkurugenzi wa michezo wa chuo mwenyewe alisema timu ya mwaka huu imegharimu kama dola milioni 20. Kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua uende kwa nani, alikuwa Will Howard, na walimleta kutoka chuo cha Kansas State. Ilikuwa ni timu ya kununua ushindi. Ndiyo maana inauma.

Sasa mechi yenyewe. Nitakueleza kidogo tu, usinisinzilie. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu inapewa mengine manne, na safari inaendelea hivyo hadi mstari wa mwisho. Kusogeza kuna njia mbili. Unamkabidhi mtu mpira apasue katikati ya watu, au unaurusha juu adakwe na mwenye mbio huko pembeni. Ohio State pembeni walikuwa na Jeremiah Smith, mtoto wa mwaka wa kwanza kama wako, aliyetimiza miaka 19 siku moja kabla ya mechi, na hakukuwa na beki Marekani nzima aliyelala vizuri akijua kesho atamkaba. Michigan nao katikati walikuwa na majabali mawili, Mason Graham na Kenneth Grant, kila mmoja zaidi ya kilo 140. Mtu mwenye macho anapita wapi? Pembeni. Sisi tukapita katikati.

Tukapita katikati tena, na tena. Niliangalia kwa jirani yangu, Mbarawa aliyekulia Mombasa, mtu wa sambusa za tuna na Kichimini chake kitamu, yaani Kiswahili cha Barawa. Mamaye ana miaka themanini na kitu, hajui sheria hata moja ya mchezo huu. Robo ya tatu aliacha kutia tasbihi, akauliza, "Mbona huyu anakwenda ukutani kila mara?" Hakuna aliyemjibu. Mwisho wa mchezo Ohio State ilikuwa imekimbia yadi 77 tu. Kwa timu ile ni aibu.

Na nakuapia, dada yangu, haikuwa ujinga. Ilikuwa ni kisirani. Tangu 2021 tulipofungwa 42 kwa 27, watu walikuwa wakimsema kocha wetu Ryan Day kwamba timu yake ni laini, ni ya warembo, ikisukumwa inaanguka. Mwaka 2022 tukafungwa 45 kwa 23 hapa hapa nyumbani, mwaka 2023 tukafungwa 30 kwa 24 kwao. Sasa naye akataka kuwaonyesha kwamba tunaweza kusukuma. Alikuwa anawajibu wasemaji, hachezi na waliokuwa mbele yake. Waliokuwa mbele yake walikuwa wagonjwa wa kutupwa: wameshinda 6, wamefungwa 5, beki wao bora Will Johnson hayupo, Colston Loveland wanayemtegemea kudaka hayupo, na kwotabeki wao siku hiyo alirusha yadi 62 tu na mara mbili akawarushia watu wetu. Wacheza kamari walitupa ushindi wa karibu pointi 20. Tukafungwa 13 kwa 10 na timu iliyokuwa haina mkono wa kurushia.

Mapumziko yalikuwa 10 kwa 10. Smith kadaka ile ya kusawazisha, jirani yangu karuka hadi zulia likakunjana. Kipindi cha pili hatukupata hata pointi moja. Kuna mtu kazi yake ni kupiga mpira upite kati ya milingoti, pointi tatu. Siku hiyo alikosa mara mbili, ya yadi 34 na ya yadi 38. Wengi wanamlaani huyo kijana. Mimi simo. Ukiwa na gari la milioni 20 halafu maisha yako yanategemea spea tairi, usilitukane tairi.

Mwishoni Michigan wakafanya kile tulichokuwa tunajidai kukifanya sisi. Kalel Mullings akapasua katikati yadi 27 kwa mpigo mmoja, yeye peke yake alimaliza mechi na yadi 116, kisha mpigaji wao akaupitisha mpira zikiwa zimebaki sekunde 45. Jirani yangu akainuka, akakusanya sahani, na hakuwa amemaliza hata sambusa yake.

Kuhusu ugomvi: walioshinda walikwenda katikati ya uwanja kuchomeka bendera yao juu ya ile herufi O, nembo ya chuo chetu iliyochorwa pale. Walikwisha kufanya hivyo mwaka 2022. Safari hii vijana wetu wakakataa, Jack Sawyer akaing'oa bendera mtini, watu wakashikana mashati, na polisi kweli wakapuliza ile dawa ya pilipili. Kesho yake kila chuo kikapigwa faini ya dola 100,000. Bendera ilikuwa kero, sikatai. Lakini ukitaka mtu asichomeke bendera sebuleni kwako, mfunge kwanza. Kunyang'anyana kitambaa baada ya filimbi ni kazi ya aliyeshindwa, na nilipoona nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia kwa matokeo.

Turudi kwa kijana. Mimi nasafisha jengo moja la madarasa pale chuoni, zamu ya alfajiri. Wiki ya mechi hii wanafunzi huziba herufi M zote kwa tepu nyekundu: kwenye ubao wa majina, kwenye ramani ya ukutani, mlango wa choo cha wanaume, mwaka huu hadi kwenye lebo ya ndoo yangu ya kudekia. Jumatatu kuzibandua ni kazi yangu. Milango ya nje gundi ilikuwa imeganda kwa baridi, nikakwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Tepu ilipotoka, M imebaki inang'aa kuliko herufi zote, maana pale palipozibwa vumbi halikufika. Nikiwa nimepiga goti pale akatokea mwanafunzi mmoja, rika la mwanao. Akasimama, akaitazama ile M, akasema, "Samahani, ile niliibandika mimi." Kisha akachuchumaa akanisaidia milango miwili yote. Hatukuzungumza mpira.

Basi usimwambie ni mpira tu. Usimwambie pia "mtashinda mwakani", hilo ndilo baya zaidi. Kuna kisuruali kidogo cha dhahabu, kama kidani, ambacho tangu mwaka 1934 mchezaji wa Ohio State hupewa akiifunga Michigan. Akina Sawyer walioingia mwaka 2021 wamemaliza miaka minne bila hata kimoja, na wao hawana mwakani. Muulize mwanao habari za visuruali hivyo. Muulize kwa nini hawakumrushia Smith. Kisha ukae, utie chai, umwache aseme. Nakuhakikishia ataongea saa nzima, na katikati ya maneno mkono utaenda kwenye sahani wenyewe. Salamu lakini adai. Kufungwa si ruhusa ya kupita mbele ya mama kimya kimya.

Na habari hazijaisha. Kufungwa kule kumetunyima fainali ya ligi yetu ya Big Ten, lakini mwaka huu wa 2024 ndio wa kwanza timu 12 kuingia mtoano wa ubingwa wa taifa, na sisi tumeingia nambari 8. Tarehe 21 Desemba 2024 tunacheza na timu ya chuo cha Tennessee hapa hapa Columbus, saa mbili usiku. Kazini kwangu wawili wamekwisha kuuza tiketi zao kwa watu wa Tennessee, kwa hasira. Wako atakwenda tu, utaona. Mtafutie soksi nzito, avae pea mbili.

Mimi nitakuwa kwa jirani yangu Mbarawa. Amenipigia jana kuniambia niko huru kuja, ila kile kiti cha karibu na dirisha, nilichokikalia tangu mwaka 2021, amekitoa nje kwenye baraza.