Sini ya toba na kwaya: usizirekodi pamoja, tafadhali

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo mengi kuhusu filamu yako: kamera, kibali, taa za wavuvi usiku, na huyo mhusika wako aliyeacha imani akiwa Dar arudije Sengerema. Ila katikati umeandika kitu kilichonifanya niache chai ipoe: sini ya toba mtaipiga kanisani, kwaya ikiimba kweli kweli nyuma yake, teki moja (kurekodi mara moja bila kukata), "ili upako usikatike". Usithubutu. Hili mimi nimeshalilipia, na risiti sina pa kuipeleka.

Aliyekushauri upige laivu namjua bila kuambiwa jina. Kila mji una dairekta mmoja mwenye kofia kinyumenyume anayesema "roho ikishuka usimkate", halafu siku ya kuediti simu yake haipatikani. Roho haijawahi kukaa kwenye meza ya mhariri saa nane usiku ikitafuta neno la mhusika lililomezwa na sauti za besi.

Kinachotokea ni hiki. Mhusika anaongea kwa sauti ya kulia, yaani ndogo. Nyuma yake wapo watu thelathini wanaimba chini ya paa la mabati, sakafu ya saruji, kuta tupu. Hata ukimbana maiki kifuani, wimbo unaingia humo humo, tena unaingia mara mbili: unapotoka vinywani na unaporudi kutoka ukutani. Basi mazungumzo na wimbo vimeshakuwa kitu kimoja, kama uji uliokwisha kutiwa sukari. Utaambiwa kuna programu za kutenganisha sauti. Zipo, na zinafanya kazi nzuri kutoa kinanda na ngoma chini ya sauti ya mtu. Lakini kwaya nayo ni sauti za watu! Programu inaishika pamoja na mhusika wako, au inamla mhusika inabaki soprano.

Halafu uje kwenye kukata. Kwaya yoyote ikiimba bila mdundo wa kuifunga mara nyingi huongeza mwendo ikishapata moto. Teki ya kwanza polepole, ya tatu inakimbia. Ukitoka picha ya mbali kwenda uso wa mhusika, wimbo unaruka katikati ya mstari na kila mtazamaji anasikia. Kudabu, yaani kurudia maneno studio? Jaribu kumrudisha mwigizaji alie vile vile, kwikwi zile zile, midomo ioane, wiki tatu baada ya machozi kukauka. Wapo wanaoweza. Wako mmoja mmoja, na bei yao wanaijua.

Na hapo bado hujakutana na mwenye wimbo.

Hii ndiyo sehemu inayonichemsha. Mwalimu wa kwaya atakwambia "tumia tu, wimbo wa Mungu hauna mwenyewe". Anasema kwa moyo safi, ila hana mamlaka hayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi ina haki zake pembeni: za waimbaji na za aliyegharamia studio. Mara nyingi mtunzi ni kijana aliyekuwa kwenye kwaya zamani, sasa yuko Geita na kwaya nyingine, na waliachana vibaya. Huyo ndiye atakayeiona filamu yako wa kwanza.

Usijifiche kwenye nyimbo za kitabu pia. "Bwana Mungu nashangaa kabisa" watu wanauona wa enzi na enzi, kwa kuwa shairi la asili ni la Msweden Carl Boberg, 1885. Lakini maneno ya Kiingereza yaliyousambaza duniani ni ya Stuart Hine, aliyefariki 1989, kwa hiyo miaka 50 yake haijaisha. "Yesu kwetu ni rafiki" una usalama zaidi kwa asili yake: maneno ya Joseph Scriven 1855, muziki wa Charles Converse 1868. Hata huo, rekodi ya kwaya fulani ni mali ya waliorekodi.

Ukipandisha YouTube, mfumo wake wa Content ID, unaosaka kazi zenye hakimiliki, unaweza kuutambua wimbo hata ukiwa chini ya mazungumzo. Ukibahatika ni dai tu, hela ya matangazo inakwenda kwa mwenye wimbo. Ukilipinga, ana siku 30 za kujibu, na filamu mpya inaishi siku hizo hizo. Usipobahatika ni straiki, yaani onyo la hakimiliki, na straiki 3 ndani ya siku 90 zinaua chaneli. Mtengeneza filamu aliyeutenga wimbo kwenye faili la peke yake anautoa, anaweka mwingine, anapandisha tena jioni ile ile. Wewe wa teki moja utatoa nini? Utatoa toba yenyewe, filamu ibaki na mtu anayeshuka basi na kupanda basi.

Kwa hiyo kanuni ni moja, iandike kwenye mkono: mdomo wa mhusika na wimbo visikutane kwenye rekodi moja.

Namna ya kufanya. Kwaya iimbe peke yake kwanza, wimbo mzima, teki mbili au tatu, mwigizaji akiwa nje. Maiki mbili mbele yao, mita 2 hadi 3 kutoka mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa. Faili liwe WAV, 48 kHz, biti 24, vilele vya sauti visipite kama -12 dB. Zima feni. Tandika mablanketi pembeni pale kamera isipoona. Hapo hapo piga nyuso zao wakiimba kwa nguvu zote. Huo upako wako ndio mahali pake, kwenye picha zisizo na maneno.

Chagua teki moja iwe mama. Sini ya toba ikianza, ipige kwenye spika mstari mmoja ili wote washike mwendo, kisha izime kabisa. Mwalimu abaki nayo kwenye sikio moja, aongoze kwa mkono, kwaya ichezeshe midomo bila sauti. Subiri sekunde 2, ndipo mhusika afungue kinywa. Yanayoharibu hapa ni madogo: viatu kwenye saruji (wavue), kayamba inayosahaulika mkononi (ichukue), na mama mmoja wa alto anayenong'ona kwa kunogewa. Msogeze nyuma, kwa adabu. Mwishoni rekodi sekunde 60 za ukimya wa humo ndani kwa ajili ya kuziba viraka. Mvua ikigonga bati, nendeni mkale.

Ukiniuliza mimi, kwaya ingemaliza ubeti na kunyamaza kabisa, ndipo aongee. Mtu aliyekaa miaka bila kuomba hajui aanzeje. Akianza huku wimbo unamsukuma, tutaona wimbo ndio umeokoka. Ila hiyo ni filamu yako.

Karatasi ya ruhusa ya wimbo sasa. Iwe na jina la wimbo, sekunde ngapi unatumia, jina la filamu, inaonyeshwa wapi (taja YouTube, televisheni na kumbi), nchi zote, bila ukomo, malipo, na kifungu kwamba dai lolote la Content ID wataliondoa wao wenyewe. Asaini mtunzi, viongozi wa kwaya kwa mhuri, na mwenye studio kama unatumia rekodi yao. Hayo yote kabla ya kukodi hata stendi ya taa. Bodi ya Filamu utakwenda pia, kibali na skripti mapema, hilo wengine wamekueleza humu.

Pantoni ya Kigongo–Busisi, ya kuvuka ziwa kwenda Sengerema, uliyoandika kwenye skripti imeshapitwa: daraja lilifunguliwa 19 Juni 2025, kilometa 3, basi linapita juu. Ama weka mwaka kwenye hadithi, ama mpeleke Nansio, kisiwani Ukerewe, kule bado anapanda meli. Taa za wavuvi wa dagaa panga ratiba kwa giza la mwezi. Mwezi mpevu hawaendi ziwani, utapiga maji meusi matupu. Ufukweni mazungumzo yawe asubuhi na mapema, kabla upepo wa kutoka ziwani haujaamka.

Kamera, yoyote ile. Huyo mtunzi wa wimbo umeshajua anaitwa nani?