Kuku anayetweta saa nane mchana hahitaji OTC

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga kuku chotara 150 wa mayai huku Luchelele, Mwanza. Banda langu ni la mita 5 kwa 4, limeegemea jiwe kubwa, na mwezi wa nane nililiezeka upya kwa bati. Tangu Septemba ianze kuku wanatweta mchana kutwa, mabawa wameachia, mayai yana ganda laini na mengine yanapasukia mkononi ingawa nawawekea makome ya ziwani kwenye chakula. Wiki iliyopita wakaanza kufa, wote mchana, tena wale wanene. Muuza dawa alinipa OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria), nikawapa siku tano, vifo vikaendelea. Akasema ugonjwa umeshakuwa sugu, akanipimia unga wa salfa (sulfonamidi, dawa nyingine ya bakteria), na hapo ndipo wamekufa wengi zaidi. Jirani ananiambia nisage panadoli nichanganye na maji ya shubiri. Naomba unitajie dawa yenye nguvu kuliko hizo. *Mama mfugaji, Luchelele*

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa hasara. Dawa sitakutajia. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili nikitafuta ugonjwa, sikuuona. Nimeona bati jipya, jiwe, na kuku 150 kwenye mita za mraba 20.

Swali hili naletewa kila mwaka miezi hii, kiangazi kinapoishia na vuli haijashuka, na karibu kila mara linakuja likiwa na pakiti tupu za dawa. Mfugaji ameshatibu kabla ya kuuliza. Ndiyo maana utaniona nina haraka na maneno.

Wapo watakaobisha kwamba Mwanza haina joto la kuua kuku, hii si Dar es Salaam. Ni kweli mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kivulini kipimajoto hukaa nyuzi 28 au 30, kikizidi ni kidogo. Lakini kuku wako hawaishi kivulini. Wanaishi chini ya bati lisilo na dari, na jiwe lako linaota jua tangu asubuhi na kuendelea kutoa moto hadi usiku wa manane. Ingia humo saa nane mchana, uchutame ufikie kimo cha kuku, ukae dakika kumi na mlango umefungwa. Ukitoka utajua kwa nini wanatweta.

Kuku hana jasho. Mwili wake mzima wa afya una nyuzi 41 hivi, amevaa manyoya, na joto likizidi njia zake ni chache: kuachia mabawa upepo upite ubavuni, kupeleka damu kwenye undu na ndevu, na kutweta ili unyevu wa kooni upae na joto. Hewa ya bandani ikifika nyuzi 30 anaanza kuhangaika. Ikipita 35, na hasa kama hewa ni nzito na haitembei, mnene ndiye anayetangulia kufa kwa sababu ana mwili mkubwa wa kupoza na mafuta yanayozuia joto kutoka. Wewe mwenyewe umeandika kwamba wanaokufa ni wanene na ni mchana. Umeshajijibu nusu ya swali.

Hata mayai yanasema hivyohivyo. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti. Kaboneti hiyo kuku anaitengeneza kwa hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu yake, na anayetweta kutwa nzima anaipuliza nje hewa hiyo mpaka damu inabadilika. Makome yamejaa tumboni lakini upande wa pili wa ganda haupo. Halafu ukaongeza OTC, ambayo hushikana na kalsiamu tumboni, kwa hiyo makome yalipungua kazi na dawa nayo ikapungua kazi.

Sasa hiyo salfa. Hapa ndipo ninapokasirika kweli, na sikukasirikii wewe. Dawa za kuweka kwenye maji hupimwa kwa lita, kwa kukadiria kwamba kuku atakunywa kiasi chake cha kawaida, yaani maji kama mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Kwenye joto anakunywa mara mbili ya hapo, hata zaidi. Maana yake kila kuku wako alimeza dozi maradufu bila mtu yeyote kukusudia. Salfa ikizidi inaharibu figo na kumfanya kuku avuje damu ndani kwa ndani. Aliyekupimia alipaswa kukuuliza jambo moja tu kabla ya kushika kijiko, kuku wanakunywa ndoo ngapi kwa siku, na nina hakika hakukuuliza. Badala yake akasema ugonjwa umekuwa sugu. Ugonjwa gani? Aliupima wapi?

Panadoli isahau. Dawa ile hushusha homa, na homa ni mwili wenyewe umeamua kupandisha joto ili kupambana na vijidudu. Kuku wako hana homa, anapikwa kutoka nje. Unaweza kumpa kopo zima na bati likabaki vilevile. Shubiri nayo ni chungu, inaweza kumfanya aache kunywa, na kuku asiyekunywa mchana wa Septemba hafiki jioni.

Fanya haya, na uanze na paa. Tandika nyasi nene juu ya bati, au funga dari ya mikeka ya mafunjo chini yake ukiacha nafasi ya hewa katikati. Mikeka inunue, usishuke ziwani kukata mwenyewe, maana mita 60 kutoka ukingo wa maji zinalindwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Ukishindwa vyote viwili, paka bati chokaa nyeupe juu. Mvua itaiosha, utapaka tena.

Ukimaliza paa nenda kwenye kuta. Sijaona banda lako, lakini nimeona ya jirani zako, na mengi yamefungwa viroba na maturubai upande wa ziwani "kuku wasipate mafua". Upepo wa mchana kwetu unatoka ziwani kuja nchi kavu. Huo ndio feni lako la bure, nawe umelifungia nje. Ukuta mgumu usizidi kimo cha goti au kiuno, juu yake kote uwe wavu, pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite moja kwa moja. Turubai liviringishwe juu, lishushwe usiku wa mvua au kama una vifaranga. Mafua ya kuku huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo hustawi kwenye banda lililofungwa lenye harufu kali ya mkojo kuliko kwenye banda lenye upepo. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na bado naendelea kuona viroba. Upande wa jiwe huwezi kuubomoa, basi acha angalau hatua moja kati ya jiwe na banda, kisha simamisha kivuli cha makuti au nyasi juu ya jiwe lenyewe.

Idadi. Kuku wakubwa wa mayai ni 4 au 5 kwa mita moja ya mraba. Banda lako ni la kuku 80, tuseme 100 tukikuonea huruma. Kila kuku ni jiko dogo linalowaka. Hao 50 wa ziada wauze, au wajengee kivuli cha nje chini ya mti. Kwenye matandiko ya pumba za mpunga, msimu huu yapunguze yabaki unene wa sentimita 5 hivi na toa yote yaliyolowa, kwani yaliyorundikana huchacha na kutoa joto lake yenyewe.

Maji: kama yanatoka kwenye tenki jeusi la plastiki au mpira umelala juu ya jiwe, mchana kuku wanaletewa chai. Kuku hukataa maji ya moto hata akiwa na kiu. Teka alfajiri, hifadhi kwenye mtungi wa udongo ulio kivulini, badilisha saa sita na saa tisa. Ongeza na vyombo, kwa sababu kuku aliyechoka hatembei banda zima kutafuta maji na akifika anakuta wababe wamekizingira chombo.

Chakula ndicho watu wasichokitarajia. Kusaga chakula tumboni kunazalisha joto, na joto hilo hupanda saa kadhaa baada ya kula. Ukimlisha saa tatu asubuhi, moto wa tumboni unakutana na moto wa bati saa saba mchana. Walishe alfajiri kukipambazuka, toa vyombo vya chakula saa nne, virudishe saa kumi na moja jioni. Maji yasitoke kamwe. Makome wape jioni, yawe vipande vikubwa kidogo, kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku. Na acheni kuongeza dagaa eti kuku wapate nguvu ya kuvumilia jua. Protini ikizidi mahitaji, mwili unahangaika kuivunja na joto linaongezeka. Wafugaji wa kuku wa nyama nao waangalie dawa ya kinga ya koksidia (vijidudu vya kuhara damu) iliyomo kwenye chakula: ikiwa ni nicarbazin, inajulikana kuongeza vifo vya joto.

Vitamini C na chumvichumvi za pakiti za kuku zinasaidia kiasi, zikitangulia joto, yaani kwenye maji ya asubuhi. Chumvi ya jikoni usijipimie mwenyewe, ikizidi inaua kuku haraka kuliko jua. Chanjo ya maji fanya alfajiri, na kama unatumia maji ya bomba kumbuka klorini inaua chanjo. Saa za mchana msiwakimbize wala kuwakamata.

Ukikuta kuku ameanguka shingo imelegea, mtoe nje penye upepo, mchovye kwenye maji ya kawaida miguu na mwili hadi chini ya shingo, kichwa kikae juu. Usimmiminie maji kooni, yataingia mapafuni. Na usimwagemwage maji ndani ya banda lililofungwa: unyevu ukijaa hewani, kutweta hakupozi tena, na hapo unawamaliza.

Utajuaje kama kweli ni joto na si mdondo (kideri, Newcastle)? Angalia saa. Kuku wa joto hufa kati ya saa saba mchana na jioni, waliobaki hutulia jua likishuka na asubuhi wanakula vizuri. Ukimpasua aliyekufa muda si mrefu, nyama ya kidari mara nyingi imepauka kama iliyotiwa maji ya moto. Mdondo hauna saa. Utakuta wamekufa hata alfajiri, wembamba kwa wanene, kinyesi cha kijani, wengine shingo zimepinda au miguu imekufa ganzi, na siku chache baadaye kilio kiko kwa jirani. Ukiona hivyo, chukua mizoga miwili iliyokufa karibuni, ifunge vizuri, ipeleke kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) hapa Mwanza. Mdondo hauna dawa, una chanjo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko nyingine. Angalia tu kwamba hata kwenye mdondo OTC haikuwa na kazi.

Na hii si habari ya kuku peke yao. Huko Kisesa na Usagara wenye ng'ombe chotara wa maziwa wanaona mnyama anahema mchana, ulimi nje, mate yanadondoka, wanamwita kijana wa pikipiki mwenye bomba la sindano. Kijana anapima joto saa tisa alasiri, anakuta nyuzi 40, anatangaza ndigana, ugonjwa wa kupe, na kumchoma sindano. Ng'ombe aliyesimama juani anaweza kusoma nyuzi hizo bila ugonjwa wowote. Mpime alfajiri, kabla jua halijamgusa. Akiwa kati ya 38 na 39 na kitu, na tezi za chini ya sikio na mbele ya bega hazijavimba, anachodai ni kivuli na maji. Akiwa bado 40 alfajiri na tezi zimevimba, hapo ita daktari haraka, tena aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mdai cheti chake, ni haki yako. Tatizo la yule kijana ni kubwa kuliko sindano moja ya bure. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa yanauzwa asubuhi yake, watoto wanayanywa na masalia ya dawa, na vijidudu vinazoea. Siku mtu anapougua kweli, dawa iliyokuwa inatibu haitibu.

Hilo linanirudisha kwako, mama, na hutalipenda. Mayai ya siku za OTC na za salfa usiyauze, wala usiwape watoto. Salfa nyingi haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa, na hata OTC ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Kama ulipimiwa kwa kijiko kwenye karatasi isiyo na lebo, rudi dukani leo, mwambie akuonyeshe kopo alilochotea, piga picha ya lebo unitumie. Mpaka nikujibu, mayai yote yachimbie shimo.