Ukifunga leza sebuleni, anza na macho ya wageni

Rafiki akiniomba nimfungie leza, mashine ya kurusha miale ya mwanga wa rangi, kwenye sherehe ya nyumbani, simuulizi kwanza anataka rangi gani. Namuuliza dari iko juu kiasi gani, na kama watoto watakuwepo. Dari ikiwa fupi na watoto wakawa wengi, namshauri atumie taa za LED za rangi, na sherehe haipungui kunoga kwa sababu hiyo.

Tatizo la leza ni jicho. Mwale wake hautawanyiki kama mwanga wa balbu, na ukiingia jichoni lenzi huukusanya uwe nukta ndogo sana kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina ikiungua mara nyingi haiponi, na wala haiumi. Mtu anaendelea kucheza, kesho yake ndipo anaona doa katikati ya kila anachokitazama. Miwani ya jua haisaidii.

Kwa hiyo soma lebo, ndiyo inayotaja daraja la hatari la leza. Daraja la 2 halizidi miliwati 1, na jicho hujikinga kwa kupepesa. Daraja la 3R linaishia miliwati 5. Kuanzia 3B, ambalo hufika miliwati 500, kupepesa hakukuokoi, na daraja la 4 linaweza hata kuunguza ngozi au kuwasha pazia. Hayo mawili waachie mafundi wa maonyesho. Lakini lebo nazo husema uongo, hasa kwenye mashine za bei ya chini. Leza nyingi za kijani huzalisha pia miale ya infraredi, na isipochujwa vizuri inatoka pamoja na ile ya kijani bila wewe kuiona. Mashine isiyo na lebo mimi siifungi kabisa, hata mwenye nyumba akinuna.

Tukishapata mashine inayoeleweka, kazi kubwa ni kimo. Kwenye maonyesho ya leza kali, kanuni inayotumika sana ni mwale kupita angalau mita 3 juu ya sakafu wanaposimama watazamaji. Sebule nyingi hazina urefu huo, ndiyo maana leza kali hazina nafasi humo. Hata ile dhaifu naifunga juu kabisa, naielekeza darini, na sehemu ya chini ya tundu linalotoa mwale naiziba kwa kipande cha bati jeusi lisilong'aa ili mwale usiweze kushuka. Usiiweke juu ya meza au spika. Hapo iko usawa wa macho ya mtoto. Stendi ya miguu mitatu nayo siiamini chumba kikishajaa watu, maana teke moja tu na miale yote iko usoni. Funga kwa klampu, kisha ongeza waya wa usalama.

Halafu fanya jaribio kabla wageni hawajafika. Washa mashine, ipe mgongo, shika karatasi nyeupe usawa wa uso wako na uzunguke chumba kizima. Inyanyue kidogo pia, maana kuna mrefu kuliko wewe, na kuna baba atakayembeba mwanawe mabegani. Nukta yoyote ikitua kwenye karatasi, zima, rekebisha, rudia. Usichunguze kwa kutazama ndani ya tundu.

Vioo ndivyo vinavyosahaulika. Runinga, kabati la vyombo, fremu za picha, dirisha usiku: vyote vinarudisha mwale kwa pembe usiyoitarajia. Vifunike kwa kitambaa au uhamishe mashine. Mpira wa vioo na leza havikai chumba kimoja.

Moshi ndio unaofanya miale ionekane, lakini kidogo kinatosha. Mdomo wa mashine ya moshi huwa moto sana na sakafu mbele yake hulowa ikateleza, kwa hiyo iwe mbali na wanapocheza watu. Kengele ya moshi ikilia, punguza moshi, usiing'oe kengele. Waulize wageni pia kama kuna mwenye kifafa. Taa za kumetameta zinaweza kumwamshia kifafa.

Swichi iwe mkononi mwa mtu mmoja asiyelewa. Mota inayozungusha miale ikikwama na mwale ukaganda sehemu moja, azime papo hapo, bila kungoja wimbo uishe. Wapiga picha waambie mapema wasielekeze simu kwenye mashine, kihisi cha mwanga ndani ya kamera huungua kama jicho. Na sherehe ikihamia uani, leza ibaki ndani: mwale unaopanda angani unaweza kumpofusha rubani kwa muda, na nchi nyingi zinalihesabu hilo kuwa kosa la jinai.