Tope la majitaka kuwa bayocha, inawezekana?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Niko kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, tope linalobaki ni jingi mno na sisi tunalimwaga shimoni tu. Kuna mtu kaniambia ukilichoma linakuwa bayocha, yaani mkaa wa kuweka shambani. Ni kweli? Na vipi vijidudu na yale madini ya sumu, hayatarudi kwenye chakula?

JIBU: Kweli kabisa ndugu, ila hilo neno kuchoma ndo linapoteza wengi. Ukilichoma hewani unapata majivu basi. Bayocha unalioka kwenye tanuri lililozibwa, oksijeni haiingii au inaingia kiduchu sana, joto linapanda nyuzi 400 mpaka 700 hivi, gesi zinatoka na zinabaki punje nyeusi za kusagika vidoleni, ile harufu unayoijua wewe haipo tena. Bakteria na mayai ya minyoo yote yanafia humo.

Kinachosumbua ni maji. Tope hata likishakamuliwa na mashine bado asilimia 80 hivi ni maji, yaani kwenye kilo 100 unaoka kilo 20 tu, zilizobaki ni maji ya kukausha, na ukiyakausha kwa mafuta ya kununua hesabu inakataa. Lianikeni juani kwanza, halafu zile gesi za tanuri zirudishwe zichomwe zikaushe tope linalofuata. Msiziachie hewani jamani, ni moto wa bure na zinachafua.

Shambani, fosforasi karibu yote inabaki ila inatoka polepole, naitrojeni nyingi inapotea na gesi, kwa hiyo ichanganye na mboji au samadi, peke yake haitoshi kulisha mmea.

Kwenye madini naomba uwe mkali kwelikweli. Zinki, shaba, kromiamu, moto hauviondoi, na kwa kuwa tope linapungua uzito likiokwa, kila kilo ya bayocha inabeba madini mengi kuliko kilo ya tope kavu. Ni kweli mara nyingi yanakuwa yamenaswa, hayayeyuki kirahisi, lakini hiyo sio ruhusa ya kumwaga bila kupima. Mnapokea maji ya kiwanda cha ngozi au cha kupaka metali? Basi pelekeni maabara sampuli ya tope na ya bayocha yake, zote mbili, kabla hata ya kufikiria bei ya tanuri. Vipimo vikizidi kiwango cha sheria, isiguse shamba la chakula.