Draya ikigoma, anza na bomba la hewa

Mashine yangu ya kukausha nguo ilizima Jumamosi moja ya Januari, ikiwa na taulo tumboni na sare zangu za kazi zikisubiri zamu yao. Naishi Minneapolis. Siku hiyo baridi ilikuwa zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na nguo ukiianika nje inakakamaa kama ngozi iliyowambwa. Mama alinipigia kutoka Tanga akauliza, "Si uanike tu, mwanangu?" Nikamgeuzia simu dirishani aone theluji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole mwanangu. Basi itengenezeni."

Nawaandikia wenzangu tuliokulia kwenye kamba na vibanio, tukajikuta huku ugenini na mashine ambayo hakuna aliyetufundisha tabia zake. Mimi si fundi. Ila nimeifungua yangu mara mbili, na mara ya kwanza nilitibu dalili nikauacha ugonjwa.

Kabla hujamwita mtu, sikiliza mashine inafanya nini. Ikizunguka vizuri lakini haitoi joto, nenda kwanza kwenye boksi la umeme. Draya za umeme za huku Marekani hutumia volti 240, zinazoletwa na nyaya mbili za volti 120 kila moja. Kwa kawaida mota inatosheka na upande mmoja, lakini hita inataka zote mbili. Ndiyo maana upande mmoja ukikatika pipa la nguo linaweza kuendelea kuzunguka, nawe ukaamini hita imeungua. Swichi yake kwenye boksi ni pana, kama mbili zilizofungwa pamoja, na aghalabu imeandikwa 30. Swichi iliyokatika mara nyingi husimama katikati, na kwa macho unaweza kuapa kwamba iko sawa. Izime kabisa, kisha iwashe. Ikikatika tena, usishindane nayo, mwite fundi umeme.

Ukisikia mota inavuma lakini pipa limetulia, shuku mkanda unaolizungusha. Chomoa plagi, ingiza mkono, zungusha pipa. Likienda kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika.

Na kuna watu wanailaumu draya kwa kosa la mashine ya kufulia. Nguo ikitoka huko bado inachuruzika maji, haikukamuliwa sawasawa. Hapo hata draya mpya itahangaika.

Yangu haikuwa na dalili hizo. Nilipofungua mlango taa ya ndani iliwaka, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Swichi ya mlango ilitoa mlio wake mdogo. Nilipobonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Shemeji yangu akaja jioni na bisibisi na maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Tukachomoa plagi, tukaivuta mashine kutoka ukutani, tukafungua bati la nyuma.

Tulichokuwa tunakitafuta ni fyuzi ya joto. Kwenye mashine yangu ni kipande cha plastiki nyeupe, kirefu kama kiungo cha kidole, kimeunganishwa na nyaya mbili pale feni inapotolea hewa. Joto likipita kiasi, inakatika ndani na hairudi tena. Kwenye mashine nyingine ikikatika pipa huzunguka bila joto, kwenye nyingine kama yangu hakuna kinachowaka kabisa. Tuliitoa, tukaweka maltimita kwenye alama ya mlio, tukagusisha ncha zake mbili. Fyuzi nzima huifanya mita ilie. Yetu haikulia.

Maduka yalikuwa yamefungwa. Shemeji akasema, "Shemeji, tuziunge tu hizi nyaya mbili moja kwa moja, ukaushe sare zako leo." Alikuwa na nia njema, na nyumbani wengi wetu tumeona fyuzi ikirukwa kwa uzi wa shaba na redio ikaendelea kuimba. Nilikataa, nami nakuomba ukatae. Fyuzi hii imewekwa ikatike ili nyumba isiungue. Ukiiruka, hakuna kitakachoizuia mashine siku joto likipanda usiku na watoto wamelala. Nilikausha sare kwa pasi na feni, kesho yake nikanunua fyuzi mpya kwa dola chache. Mashine ikawaka. Tukashangilia.

Siku 11 baadaye ikazima tena, vilevile.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: kwa nini fyuzi imekatika? Joto halipandi bure. Draya hupasha hewa, huipitisha kwenye nguo, kisha huisukuma nje pamoja na unyevu. Hewa ikikosa pa kutokea, joto linarudi kujikusanya ndani. Nikavaa koti, nikatoka kwenda nyuma ya nyumba kulikagua tundu la nje. Kifuniko chake kilikuwa kimeganda, barafu juu, manyoya ya nguo chini, vimeshikana kama udongo wa kiota. Ndani, nyuma ya mashine, bomba la karatasi ya bati lilikuwa limebanwa na ukuta. Nilipolichomoa na kulipiga sakafuni, yalianguka manyoya ya kijivu, laini kama sufi ya mto, yakajaa karai. Katikati yake niliona nyuzi nyekundu za kanga niliyoinunua miaka mitatu nyuma.

Mamlaka ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 kulitokea kama mioto 2,900 kwa mwaka majumbani iliyoanzia kwenye draya, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa nimeshika karai lile.

Nikanunua bomba gumu la chuma, ambalo halibonyei na halina makunyanzi ya kunasa manyoya. Maungio yake nilifunga kwa utepe wa alumini, si skrubu, maana ncha za skrubu hujitokeza ndani na kukamata uchafu. Kama draya yako ni ya gesi, bomba la gesi usiliguse, na usiiwashe kamwe bomba la hewa likiwa limetolewa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Chujio la kunasa manyoya nalo lina siri. Nilikuwa nalisafisha kila safari kwa mkono na kujiona nimemaliza. Siku moja nikalitia chini ya bomba la jikoni, maji yakasimama juu yake kama kwenye sahani. Zile karatasi za kulainishia nguo zinaacha utando usioonekana. Maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani vikaufungua.

Sasa nimebandika karatasi ubavuni mwa mashine. Nimeandika tarehe ya kusafisha bomba, na chini yake dakika ambazo taulo sita hutumia kukauka. Kwangu ni 45. Zikifika 60, sigusi bisibisi. Navaa koti, natoka nje, nainua kifuniko kwa mkono nione kama upepo unatoka.