Wadogo zangu, msifute jina la mwenye msimbo

Wiki hii nimepitia repo, yaani ghala la msimbo wetu, tena na kukuta yaleyale. Faili limechukuliwa kwenye mradi huria, ule ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, mistari ya juu kabisa yenye jina la mwandishi, mwaka na leseni imefutwa, kisha limekomitiwa (limehifadhiwa kwenye repo pamoja na maelezo) kwa neno moja: "nimesafisha". Huo si usafi, wadogo zangu. Nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo.

1. Maelezo ya leseni hayaguswi. Najua mnaona kesi za hakimiliki ni ugomvi wa matajiri wa Marekani, basi sikilizeni yaliyokikuta Chuo Kikuu cha Berkeley, California. Watu wa chuo kile waliiendeleza Unix, mfumo endeshi wa kompyuta wa kampuni ya simu ya AT&T kwa miaka mingi. Ilipofika 1991 wakatoa Net/2, mfumo ulioandikwa upya karibu wote ili mtumiaji asihitaji tena leseni ya AT&T. Keith Bostic wa Berkeley aliwahimiza watu wa kujitolea waandike upya programu moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, yakabaki mafaili sita tu yenye utata. Kampuni changa ya BSDi ikajaza pengo hilo, ikaanza kuuza mfumo pamoja na msimbo wake kwa dola 995. Mwaka 1992 USL, kampuni tanzu ya AT&T, ikaishtaki, na baadaye chuo chenyewe kikaingizwa kwenye kesi.

Sasa angalieni kilichofuata. Mwaka 1993 chuo nacho kikafungua kesi California: ndani ya System V, toleo la Unix la AT&T kulikuwa na msimbo wa Berkeley, na Berkeley hawakutajwa kama leseni yao ilivyodai. Yaani kosa lenu lilelile, limefanywa na kampuni yenye wanasheria wa kumwaga! Kampuni ya Novell ikainunua USL, na mwanzoni mwa 1994 wakapatana nje ya mahakama. Kati ya mafaili kama 18,000, yaliyotakiwa kuondolewa yalikuwa matatu. Matatu tu.

Lakini wakati huo wote, mwenye kampuni gani angejenga biashara yake juu ya mfumo ulioko mahakamani? Linux, mfumo mwingine huria unaofanana na Unix, ilikuwa imeanza 1991, haina kesi, na watu wakahamia huko. Wapo wanaosema basi ubunifu haukufa. Mimi sikubaliani nao. Kazi ya miaka ya watu wale iliwekwa kando kwa ajili ya mafaili matatu, na hakuna hukumu iliyowahi kusema kwamba waliiba. Kesi za namna hii huua kwa hofu na kwa kuchelewesha, hata pale mshtaki asiposhinda.

2. Tofautisheni hakimiliki na hataza. Hakimiliki inalinda ulichoandika. Hataza inalinda mbinu, kwa hiyo unaweza kunaswa hata kama kila mstari umetoka kichwani mwako. Kampuni ya CompuServe ilitoa GIF, aina ya faili la picha, mwaka 1987 ikitumia LZW, mbinu ya kubana data, na kila mtu akaitumia. Mwisho wa 1994 kampuni ya Unisys, yenye hataza ya LZW, ikaanza kudai malipo kwa waliotengeneza programu za GIF. Wahandisi walikasirika, wakakaa chini wakaunda PNG, aina nyingine ya faili la picha isiyotumia LZW. Naipenda hadithi hiyo, ila wahandisi hodari walitumia akili yao kuunda upya kitu ambacho tayari kilikuwepo.

3. Kila msimbo wa kukopi, andikeni ulikotoka kwenye komiti hiyohiyo.

4. Msiogope kutengeneza kitu kinachoelewana na cha mwingine. Oracle, kampuni inayomiliki Java, iliishtaki Google mwaka 2010 kwa kutumia kwenye Android mistari kama 11,500 ya matamko ya API za Java (majina ambayo programu hutumia kuita kazi zilizokwisha kuandikwa), na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji sita kwa wawili, kwamba yalikuwa matumizi halali. Google iliweza kulipa mawakili miaka yote hiyo. Kampuni ya watu watatu ingekubali kulipa au ingefuta bidhaa kabla jaji hajafungua jalada, na hapo ndipo sheria inapohitaji kurekebishwa.

5. Barua ya wakili ikifika, usiijibu mwenyewe na usifute chochote kwenye repo. Mpelekee bosi siku hiyohiyo, pamoja na historia ya komiti za faili linalotajwa.