Mbunifu wa kurasa ajifunze msimbo hadi wapi?

SWALI: Nabuni kurasa za tovuti kwa Figma, programu ya kuchorea kurasa. Wanaprogramu hunirudishia michoro wakisema haitekelezeki, na ukurasa ukikamilika haufanani na nilichochora. Wapo wanaonihimiza nijifunze kuandika msimbo, wapo wanaosema nitapoteza muda na ubunifu wangu utadumaa. Nimsikilize nani?

JIBU: Jifunze HTML, lugha inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa, na CSS, lugha inayoupa mwonekano. JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo, isubiri, na usipoifikia kabisa hujapungukiwa.

Mchoro wako una upana mmoja, tuseme pikseli 1440, na majina uliyoyajaza ni mafupi. Ukurasa halisi utafunguliwa kwenye simu ya pikseli 360, na msomaji mwingine atakuwa amekuza maandishi maradufu. Yote ambayo hukuyaamua, mwanaprogramu atayaamua kwa kukisia. Tofauti unazolalamikia nyingi huanzia hapo.

Chukua fomu moja uliyokwisha kuibuni. Iandike kwanza kwa HTML tupu, bila rangi: kichwa kikuu kwa h1, kila kisanduku cha kujazia na label yake (maandishi yanayokitaja), kitufe kwa button badala ya div, ambayo ni boksi tupu lisilo na kazi maalumu. Ifungue kwenye kivinjari, upite kisanduku hadi kisanduku kwa kubonyeza Tab. Mfuatano ukirukaruka, rekebisha mpangilio kabla ya kugusa rangi.

Sasa ongeza CSS, ukianza na flexbox, kisha grid, njia zake mbili za kupanga vitu kwenye ukurasa. Ukubwa wa herufi uandike kwa rem, kipimo kinachotokana na ukubwa wa msingi wa herufi za ukurasa, ili ufuate ukubwa aliouchagua msomaji kwenye kivinjari chake. Halafu bana upana wa ukurasa hadi pikseli 320 na uangalie kinachovunjika. Kitufe ulichokipa height (kimo) ya pikseli 48 kinaweza kumwaga maneno nje yakishuka mstari wa pili. Tumia min-height (kimo cha chini kabisa) na padding (nafasi ya ndani kuzunguka maneno). Anwani ndefu ya barua pepe ndani ya flexbox itasukuma kila kitu pembeni, kwa sababu kisanduku cha flexbox, kisipoelekezwa vingine, hakikubali kuwa chembamba kuliko neno refu lililomo. Kipe min-width: 0, ili kikubali kubanwa, pamoja na overflow-wrap: anywhere, ili neno refu likatike lishuke mstari.

Zoezi hili litakufundisha mengi kuliko kozi ndefu ya programu, maana utaanza kuchora hali ulizokuwa ukizisahau: fomu yenye kosa, orodha isiyo na kitu, jina lenye herufi 40, kitufe kinachosubiri mtandao. Ubunifu haudumai kwa hayo. Unapata mahali pa kushika.

Rangi nazo zipime. Mwongozo wa WCAG, wa kuzifanya kurasa zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1 dhidi ya mandharinyuma. Kijivu #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3:1. #767676 kinapita kwa shida.

SWALI: Siku hizi kuna zana zinazogeuza mchoro kuwa msimbo. Bado kuna haja ya kujifunza?

JIBU: Ipo, maana lazima ujue kama ulichopewa kinafaa. Fungua msimbo huo utafute position: absolute, inayobandika kitu mahali pamoja pasipobadilika, na upana uliofungwa kwa pikseli. Ukivikuta karibu kila mstari, zana imenakili picha tu, na ukurasa utavunjika kwenye skrini ya kwanza yenye upana tofauti. Tazama pia kama vitufe ni button kweli. Vikiwa div vyenye rangi, anayetumia kibodi peke yake hataweza kuituma fomu.